Hebu Nipulizie

Nilirudi nyumbani na mtungi kichwani, sikurudi na mtoto. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili anayetaka kuniacha aniache hapa hapa, maana nimechoka na watu wanaonisikiliza hadi katikati ndipo wanashika mdomo. Mtoto alikuwa wa kike, miezi kumi. Nilimlaza juu ya makapi ya miwa kando ya kinu, kule bondeni tulikokuwa tukitwangia. Makapi ni laini na yana joto, mtoto hulala vizuri juu yake. Mvua ilipoanza manyunyu nikajitwisha mtungi nikapanda mlima. Nikafika, nikatua mtungi, nikalala.

Aliyemkuta ni mama mkwe wangu, alipokuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe, jua halijazama bado. Ukungu ulikuwa umeshuka na alisikia kitu kinalia akadhani ni mwanambuzi wa watu. Hakuja kunigombeza. Alimfunga mgongoni kwa khanga yake, akapita mbele ya mlango wangu, akaenda naye kwake. Asubuhi niliamka nikapapasa kitanda, nikapapasa na chini ya kitanda. Jirani mmoja akaniambia kupitia dirishani mtoto yuko wapi.

Nilikuwa mpika boha. Kwa asiyejua, boha ni pombe yetu ya miwa huku Usambara: unatwanga miwa, unakamua maji yake, unatia vipande vya tunda la mwegea ili yaumuke, unasubiri. Wakati ule ndio tumeingizwa kwenye kijiji cha ujamaa, na kila wiki kulikuwa na msaragambo. Leo tunachimba mfereji, kesho tunajenga darasa, keshokutwa barabara ya kuelekea Mponde imemomonyoka twendeni na majembe. Mwenyekiti alisimama akasema kazi hizi ni za kujitolea. Sawa, ni za kujitolea. Lakini kila mtu alijua bila mtungi wa boha watakaotokea ni yeye na mkewe. Basi nikawa naitwa mimi, kwa sababu boha yangu ilikuwa haigandi kooni. Nikawa napika, naonja, napika, naonja, hadi sikukumbuka tena kazi ipi ilikuwa kazi na ipi ilikuwa kuonja.

Watu hutaka sababu. Mume wangu alikuwa chini kwenye mkonge, upande wa Magoma, akija mara moja kila miezi mitatu, kwa hiyo wengine walisema ni upweke. Upweke gani, na nusu ya kijiji ilikuwa inashinda uani kwangu! Nilipenda boha. Sina sababu nzuri kuliko hiyo na sitaitunga sasa uzeeni.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mama mkwe. Nilipiga magoti nje ya mlango nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba, kwa sababu alikuwa mtu wa heshima na asingemnyima mtu marahaba hata angekuwa mwizi. Hakunikaribisha ndani. Mtoto nilimsikia, simuoni. Analia kile kilio cha kutafuta ziwa, na maziwa yangu yakaanza kutoka yenyewe, yakalowesha gauni kifuani.

"Maziwa yako ni boha," mama mkwe akasema. "Unataka nimpe mjukuu wangu boha?"

Nikaziba kifua kwa mikono.

"Nenda. Masika yakiisha, na tangu leo hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekusikia unanuka, utakuja umchukue mwanao. Ukinuka siku moja tu, mtoto ni wangu hadi nife."

Tulikuwa kwenye vuli. Nilihesabu miezi kwa vidole palepale, bado nimepiga magoti. Mume wangu alipopanda kutoka mkonge mwisho wa mwezi alimsikiliza mama yake, akanisikiliza na mimi, akajikuna kichwa. "Mama akishasema, mimi niseme nini?" Kesho yake akashuka zake.

Siku ile niliporudi kutoka kwa mama mkwe nilidhani nitalia. Nilijiandaa kabisa kulia, nikakaa kitandani nikasubiri, hakikuja kitu. Ilikuwa ganzi. Nilijua kuwa nimemtupa mtoto kwenye mvua, ninajua kama ninavyojua kuwa Lushoto iko kule na Muheza iko kule. Nilikuwa najua tu. Nilimwaga boha iliyobaki kwenye migomba, si kwa uchungu wala kwa toba. Niliimwaga kama mtu anavyomwaga maji ya kuoshea vyombo. Nikaenda kulala.

Asubuhi nikasikia mtu anakohoa uani.

Alikuwa ni yule jirani wa dirishani. Tumuite jirani, majina yamezikwa na wenyewe. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya ile ya mama mkwe, Mwislamu wa kuswali sala tano, mlimaji wa kabichi, amenitangulia miaka minane hivi na alikuwa na watoto sita, wa mwisho bado ananyonya. Boha kwake ilikuwa kama kinyesi. Akipita kilabuni alifunga pua kwa ncha ya khanga, nasi tulikuwa tukimcheka: haya, bibi harusi huyo anapita!

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba. Chukua kapu lako, twende kwenye chai."

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Mwanao analia usiku kucha na ukuta wa mkweo uko juu ya kichwa changu. Sijaja kwa ajili yako, nimekuja kwa ajili ya usingizi wangu." Akanisogelea, uso kwa uso, akafumba macho kama mtu anayesubiri kofi. "Hebu nipulizie."

"Nini?"

"Nipulizie! Kwani lugha gani nasema?"

Nikampulizia. Akanusa taratibu, akakunja uso, akafikiri.

"Hiyo ni ya jana," akasema. "Haya, twende."

Hivyo ndivyo ilivyoanza na hivyo ndivyo ilivyoendelea. Leo naambiwa kuna hospitali za kusaidia kina mama walioshindwa na pombe, kuna vikao, watu wanakaa kwenye duara wanazungumza. Ni vizuri. Mimi nilikuwa na mtu mmoja anayekohoa uani kila asubuhi na kuninusa mdomo. Hakunipa nasaha hata siku moja. Ningempiga na kapu.

Njia ya kwenda shamba la chai la kijiji ilipita katikati, mbele ya duka la ushirika na kilabu. Jirani alinipitisha ya juu, inayofuata mfereji na kuzunguka msitu, safari ndefu, na kwa asubuhi ya ukungu unafika umelowa hadi magotini. Shambani alinichagulia mstari ulio kando ya wake. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi lake, unatupa nyuma kapuni, majani mawili na chipukizi, mikono haipumziki. Alisema hiyo ndiyo faida yake, mikono yangu ina kazi. Siku ya nne mikono ilitetemeka hata sikuweza kukata jani bila kung'oa tawi zima, na jasho linanitoka kwenye baridi ile ya kwetu. Akaja nyuma yangu, akachuma mstari wangu na wake, kapu langu akalijaza yeye. Nilitapika kwenye makinga maji mara mbili. Sikuona aibu, sikuona chochote, nilifuta mdomo nikarudi.

Kulikuwa na mama mwingine pia, mke wa mwinjilisti. Mimi ni Mlutheri, na wakati ule nilikuwa nimetengwa kanisani, ninakaa benchi la mwisho na mezani pa Bwana sifiki. Yeye hakujali benchi. Anayeacha boha hutamani utamu hadi ulimi unawasha, na sukari ilikuwa haipatikani, ikija ushirika inagawiwa kwa kikombe. Huyo mama alifunga sehemu yake kwenye karatasi ya daftari akaniletea kila ilipokuja. Alasiri alinikalisha kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, nikajifunza kuandika kwa mkono unaotetemeka. A yangu ilikuwa kama kitu kimekanyagwa. Ndizo herufi ninazoandikia hapa, nazo mpaka leo hazijanyooka sana.

Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Kila asubuhi kikohozi, shikamoo, hebu nipulizie, haya twende. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Nilikuwa nayakamulia kwenye udongo nyuma ya nyumba, halafu siku moja hayakutoka. Nikafunga gauni.

Ndipo nikaanza kuona kwamba jirani kila siku, jua likipanda kidogo, anaweka kapu chini na kuondoka. Anapanda mlima kwa haraka, anarudi baada ya muda, hasemi alikokuwa. Nikadhani anakwenda kunyonyesha mwanawe. Lakini mwanawe alikuwa amelala kwenye kivuli mwisho wa mstari wangu, ninamuona! Siku hiyo nikamfuata.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Nikasimama nyuma ya uzio wa matete. Alikaa kwenye kigoda, akafungua kifua, mama mkwe akamletea mtoto wangu. Mtoto akamrukia. Akalishika lile ziwa kwa mikono miwili kama mali yake, na mguu mmoja anaurusha hewani kwa raha.

Hapo nilihisi kitu. Nisiseme uongo, kilikuwa ni hasira. Nilimsubiri njiani, kwenye kona ya mfereji, na alipotokea nikamvuta khanga hadi nusura aanguke.

"Tangu lini?"

Hakushtuka. "Tangu siku ya pili ya kuja uani kwako."

"Mwanangu! Unaninusa mimi asubuhi kama mbwa, halafu unakwenda kumnyonyesha mwanangu!"

"Ulitaka nimwache? Alikuwa anakataa uji wa bibi yake, amebaki macho tu. Mkweo alikuja kuniomba kwa miguu yake. Mwe! Ungekuwa wewe ungesemaje?" Akajifunga khanga yake vizuri. "Basi sasa ni mwanangu wa kunyonya, kwa dini yetu ni ndugu wa wanangu. Usije ukangoja posa kutoka kwangu, hataolewa na mtoto wangu hata mmoja. Twende, kapu langu liko juani."

Nikamtukana. Nilimtukana njia nzima kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipoisha nikamalizia kwa Kishambaa. Yeye alitembea mbele, na tulipofika akachuma mstari wake. Kesho yake nikasema sitatoka. Akakohoa. Nikajifunika shuka. Akakohoa hadi nikaogopa atatema pafu. Nikatoka nikampulizia kwa nguvu makusudi, ili mate yamrukie.

"Mate yako ni safi," akasema. "Haya, twende."

Masika yakaja na mvua zake za wiki nzima, njia ya juu ikawa tope hadi kwenye kifundo. Siku ya msaragambo wa barabara, mtungi ulipotuliwa kando ya wachimbaji na upepo ukatuletea harufu, jirani alinishika kiwiko akanipeleka kuokota kuni upande wa pili wa bonde kutwa nzima. Nikamuita askari magereza. Akasema mfungwa gani huyu anayekula makande ya askari wake? Nikacheka. Niliisikia ile sauti ikitoka nikashangaa, kwa sababu ndani hapakuwa na anayecheka.

Mvua zikakatika. Sikuwa nimenuka hata siku moja. Mama mkwe akaja mwenyewe hadi uani kwangu, akakaa, akakubali uji, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Akasema njoo Jumamosi umchukue. Nikasema ahsante mama. Nikasubiri furaha kama nilivyosubiri kilio, nayo pia haikuja. Nilifagia nyumba.

Jumamosi nilipofika nikakuta watu. Baba mdogo wa mume wangu alikuwapo, mkubwa wa ukoo aliyebaki, na wajomba, na wake zao. Katikati ya uwanja kulikuwa na kigoda, na kando ya kigoda kibuyu. Harufu niliijua kabla sijaona kibuyu.

Mama mkwe alikuwa Mkristo wa kilemba cheupe kila Jumapili. Lakini kuna mambo ambayo kwake hayakuwa ya mchungaji, wala mwinjilisti na mkewe hawakualikwa siku hiyo. Mtoto aliyetupwa chini na mama yake, akasema, harudishwi hivi hivi kama kuku aliyepotea. Mama yake hupiga funda moja la boha, akampulizia mtoto kifuani mbele ya ukoo, ndipo wazee walio chini wanajua kwamba kapokewa. Asipopuliziwa, mtoto hakai. Hufa au hupotea.

Nimefikiri miaka mingi kama alinitega. Sidhani. Yule mama alinihukumu kwa boha, akaninyima mtoto kwa boha, na siku ya kunirudishia akaona mlango pekee wa kupitia ni boha, na kichwani mwake mambo hayo mawili hayakugusana hata kidogo. Ulevi ni ulevi na tambiko ni tambiko. Hata wale wajomba waliokuwa wakinywa uani kwangu walisimama pale na nyuso za ibada.

"Mama," nikasema, "nimpulizie kwa maji."

"Maji ni ya kufulia."

"Basi maziwa."

"Tangu lini wazee wakatambikiwa kwa maziwa? Unataka mtoto au hutaki?"

Akamkalisha kwenye kigoda, kifua wazi. Alikuwa amenenepa, ana meno manane. Alinitazama akageuza uso, hanijui. Baba mdogo akaninyooshea kibuyu.

Nitasema sasa jambo ambalo sijalisema. Funda moja si kunywa, wote walijua hivyo, unaweka mdomoni na unatoa. Lakini mimi nilikuwa nakijua kinywa changu. Nilijua ile boha ikigusa ulimi koo litafunguka lenyewe, na nikishameza funda sitaona mtoto, nitaona kibuyu. Na zaidi ya hapo, nilitaka. Miezi saba ya njia ya juu, na pale mbele ya mwanangu nilitaka kumeza kuliko nilivyomtaka yeye. Mkono wangu ukaenda. Niliutazama ukienda.

Jirani alikuwa nje ya uzio. Alinisindikiza hadi mlangoni na hakuingia, kwa sababu ya kibuyu, kasimama amefunga pua kwa khanga kama kawaida yake. Nikaona watu wanageuka. Alikuwa anaingia.

"Samahani wazee," akasema. "Anayetakiwa kupuliza ni nani?"

"Mama yake," akasema baba mdogo.

"Nani kamnyonyesha huyu tangu vuli?"

Mama mkwe aliangalia chini.

"Nauliza tu. Kwa ziwa mliniita mama. Kwa kibuyu nimekuwa jirani?"

Baba mdogo akamtazama mama mkwe, mama mkwe akatazama kigoda. "Lakini wewe ni Mwislamu," mama mkwe akasema polepole.

"Hilo ni langu na Mungu wangu. Nyinyi semeni, mama wa ziwa ni mama au si mama?"

"Ni mama," akasema baba mdogo.

Jirani akachukua kibuyu mkononi mwa baba mdogo, mkono wangu ukiwa bado hewani. Nilikuwa karibu naye kuliko wote, ndiyo maana niliona. Midomo yake ilianza bismillahi, kama anavyoanza kila kitu, kunywa maji, kushika jembe, kuvaa kandambili. Ikafika katikati. Akajizuia, akaumeza ule mwanzo wa neno. Halafu akafumba macho, kama siku ile ya kwanza aliponisogelea, akaweka boha kinywani mwake ambamo haikuwahi kuingia tangu azaliwe.

Akampulizia mtoto kifuani. Mtoto akapiga chafya. Wanawake wakapiga vigelegele, mama mkwe akachukua mtoto akaniwekea mgongoni, akafunga khanga yeye mwenyewe na kukaza fundo. Jirani alikuwa ameshatoka. Nilimuona kwenye mfereji amepiga magoti, anasukutua, anatema, anachukua mchanga anasugua ulimi, anasukutua tena. Nilipita nyuma yake na mtoto mgongoni. Ilinipasa kusimama. Ilinipasa kusema neno moja tu, hata ahsante. Ganzi ikanisukuma nikapita, nikaenda nyumbani kwangu.

Mtoto alilia siku nzima. Alikuwa analilia ziwa la yule mwingine.

Jumapili hakuja mtu. Nikasema ni kwa kuwa ni Jumapili. Jumatatu niliamka, nikavaa, nikaweka kapu mlangoni, nikasimama uani na mtoto mgongoni. Ukungu ukapanda, jua likatoka. Hakuna aliyekohoa. Nikamuona binti yake mkubwa anapita na debe la maji, nikamuuliza mama yako anaumwa?

"Haumwi," akasema, "ila hatoki. Anasema ulimi wake umeionja na sala zake hazitapokelewa siku arobaini. Baba kamwambia hukumeza, mwalimu wa madrasa kamwambia hukumeza, tubu tu inatosha. Hasikii. Anaswali, lakini anasema anajua hazipandi."

Nikaketi kwenye kizingiti. Aliyewahi kukalia mguu wake anajua, ganzi haiumi inapokuja, huuma inapoachia. Iliniumia hapo, yote kwa pamoja. Makapi ya miwa, mvua, mtungi kichwani, maziwa niliyokamulia kwenye udongo, meno manane ambayo sikuyaona yakiota, na yule mama amepiga magoti anasugua ulimi kwa mchanga na mimi napita. Nililia kwa sauti, asubuhi kweupe, hadi mtoto mgongoni akanyamaza kunisikiliza. Binti wa watu akatua debe lake, akasimama hajui afanye nini. Nikamwambia nenda mwanangu, maji yanasubiriwa.

Halafu nikajifuta, nikachukua kapu, nikapanda hadi kwake. Nikasimama uani. Sikubisha hodi. Nikakohoa.

Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, khanga imefunika mdomo hadi puani. Mtoto alipomuona akaanza kurukaruka mgongoni mwangu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Usinisogelee, nanuka."

"Hunuki."

"Nanuka, naisikia mwenyewe. Nimepiga mswaki hadi fizi zimechubuka."

Nikasogea. Nikainama hadi uso wangu ukawa mbele ya uso wake.

"Hebu nipulizie," nikasema.

Nilidhani atanifukuza. Kisha akashusha khanga, akafumba macho, akapuliza, pumzi fupi ya mtu anayeogopa. Nikanusa taratibu kama alivyokuwa akininusa, nisimdanganye. Ilinuka mti wa mswaki na majivu na uji wa asubuhi.

"Haya," nikasema. "Twende."

Tukapita njia ya juu. Asubuhi arobaini nilikohoa uani kwake, asubuhi arobaini alinipulizia akauliza bado nanuka, na kila mara nilimwambia ukweli. Kwenye chai alimnyonyesha mtoto na mimi nikachuma mistari miwili. Ya arobaini na moja nilikuwa bado natafuta kapu langu, nikasikia mtu anakohoa nje. Nikatoka na mtoto, nikamwamkia, nikampulizia.